Saiti imeshuka baada ya apdeti ya Google? Tulia kwanza, usiguse kitu

Google wakianza tu kusukuma apdeti kuu, yaani mabadiliko makubwa ya namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, meseji zinazoniingia zinafanana karibu zote, "kaka saiti imekufa", "kaka nimepigwa", na ukiuliza imekufaje unaambiwa trafiki imeshuka. Haya, imeshuka kwenye kurasa zipi? Hajui. Watu walikuwa wanatafuta nini mpaka wakafika kwako? Hajui. Ila tayari keshabadili themu, keshafuta posti za zamani kibao, keshamlipa mtu wa kumsafishia linki zinazotoka saiti nyingine kuja kwake, na hapo apdeti yenyewe hata haijamaliza kusambaa. Sasa saiti ikija kupanda hatajua kilichompandisha, ikishuka zaidi hatajua kilichomshusha, yaani kaharibu ushahidi wote kwa mikono yake mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu na najua wapo watakaobisha: wengi hawarudi kwa sababu wanarekebisha kitu ambacho hawajakipima. Habari za kuchukiwa na Google mimi siziamini sana. Neno apdeti tumelibebesha mambo mengi mno, kila grafu ikiinama ni apdeti, wakati kuna kushuka kwa aina tofauti kabisa na kila aina ina njia yake ya kutoka, na nyingine haina njia ya kutoka, tutafika huko.

Tuanze na zile rahisi tuzimalize. Kuna adhabu ya kupewa na binadamu kabisa, mfanyakazi wa Google kaipitia saiti yako akakuta unavunja sera zao. Hiyo haijifichi, ukiingia Search Console, kile kifaa cha Google kinachokuonyesha saiti yako inavyofanya kwenye utafutaji, kuna sehemu yake maalum, utakuta imeandikwa kosa ni lipi, unarekebisha halafu unatuma ombi la kukaguliwa upya. Kama pale hamna kitu basi hujaadhibiwa na mtu, acha kutafuta mchawi. Halafu kuna makosa ya kiufundi ambayo yameangukia tu tarehe ileile ya apdeti, na haya ni mengi kuliko watu wanavyodhani: tegi ya noindex (inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo) iliyosahaulika toka saiti ilipokuwa inatengenezwa, robots.txt, lile faili la kuwaambia roboti wapite wapi, inayozuia folda nzima, seva inayorudisha makosa ya 500 usiku kucha wakati roboti wa Google wanapita, au mtu kahamisha domeini bila kuweka ridairekti za 301 (za kupeleka anwani ya zamani kwenye mpya moja kwa moja) kwenye kurasa za ndani, kaelekeza kila kitu ukurasa wa mwanzo akaona kamaliza kazi. Hayo unayatatua kwa siku chache na hayahusiani na algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazopanga matokeo, kukupenda au kutokupenda. Angalia kwanza hapo. Nusu saa tu inatosha.

Ukishavuka hapo ndio unakuja kwenye apdeti za spamu (za kuwanasa wanaodanganya mfumo) na apdeti kuu, na hapa ndipo watu wanapochanganya mafaili.

Apdeti kuu ni kama mwalimu kabadili marking skimu halafu mitihani ya darasa zima inasahihishwa upya. Karatasi yako haijabadilika hata nukta, uliyoandika ni yaleyale, ila kuna mwingine ambaye zamani alikuwa anapewa maksi chache kwa kitu fulani na sasa kitu hicho kinapewa uzito, kakupita. Google wenyewe wanasema hivyohivyo kwenye maelezo yao, kwamba ukurasa ulioshuka kwenye apdeti kuu si lazima uwe na kasoro yoyote. Watu wakisoma hiyo sentensi wanakasirika, wanaona ni maneno ya kukwepa, ila ukikaa nayo kidogo utaona inabadilisha namna nzima ya kufanya kazi, maana swali sasa ni "waliopanda wana nini ambacho mimi sina", lile la "nimekosea wapi" linakuwa la pili. Na hayo maswali mawili majibu yake hayafanani hata kidogo.

Sasa kwa nini kila mtu akishuka anakimbilia linki? Hii ni historia, na kiukweli nusu ya ushauri unaozunguka leo ni ushauri wa 2012 uliobadilishwa tarehe. Februari 2011 Google walileta apdeti ya Panda, jina la mmoja wa mainjinia wao, ikagusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani kwa maelezo yao wenyewe, na iliwalenga wale waliokuwa wanatengeneza kurasa nyepesinyepesi kwa maelfu. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, ikaja Penguin, hii ikawa ya linki za kununua na kupandikiza, asilimia kama 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Ukipigwa na Penguin ulikuwa umeshikwa kwelikweli, kwa sababu ilikuwa haijiendeshi muda wote, walikuwa wanaiwasha, wanaizima, wanakaa. Mtu angeweza kusafisha linki zake zote leo na asione kitu mpaka siku Google watakapoiwasha tena. Kati ya Oktoba 2014 na Septemba 2016 watu walisubiri karibu miaka miwili, biashara za watu zikafa hapo katikati. Oktoba 2012 walitoa kifaa cha kukana linki, yaani kuwaambia Google wasizihesabu, na kizazi kizima cha watu wa SEO (kazi ya kupandisha saiti kwenye utafutaji) kikajifunza kwamba ukishuka unakusanya linki mbaya, unazikana, unasubiri.

Ila Septemba 2016 Penguin ikaingizwa ndani ya algorithimu kuu, ikawa inafanya kazi muda wote na badala ya kukushusha kwa ajili ya linki mbovu ikawa inazipuuza tu. Tokea hapo kukana linki kumebaki kwa wachache, yaani wewe uliyepewa adhabu ya binadamu kwa sababu ya linki, au unayejua kabisa moyoni kwamba ulinunua na unaogopa adhabu hiyo ije. Mwenye blogu ya kawaida anayekuta saiti za ajabuajabu zimemlinki, aziache, kila saiti inalinkiwa na takataka. Na anayekuuzia ripoti yenye rangi nyekundu inayosema una linki "zenye sumu", ujue hiyo sumu ni kipimo cha programu yake mwenyewe, Google hana kipimo chenye jina hilo.

Halafu kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Desemba 2022 kulikuwa na apdeti ya spamu za linki, ile iliyotumia SpamBrain, mfumo wao wa kunasa spamu, na Google walieleza wazi kwamba linki za kupandikiza zikishaondolewa thamani, faida uliyokuwa unaipata kwazo imekwenda na hairudi. Maana yake nini? Maana yake kama nafasi ya tatu uliyokuwa nayo ilishikiliwa na linki ulizonunua basi hakuna cha kurejesha, ile nafasi haikuwa yako, ukizikana linki haupandi kwa sababu zilishahesabiwa sifuri. Unaanza upya ulipo.

Turudi kwenye kupima, hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi ilipo. Kwanza subiri apdeti iishe. Google wana ukurasa wao wa hali ya mifumo ambapo wanaandika apdeti imeanza lini na imeisha lini, na muda wake hautabiriki, ile ya Machi 2024 ilianza tarehe 5 Machi ikaisha tarehe 19 Aprili, siku 45, wakati ile ya Desemba 2024 ilichukua kama siku sita tu. Katikati ya hizo siku nafasi zinapanda zinashuka, asubuhi uko ukurasa wa kwanza jioni hauonekani, usiandike chochote kwenye daftari la maamuzi. Ikiisha, ongeza wiki nzima. Ndio uingie Search Console ulinganishe wiki moja baada ya apdeti kuisha na wiki moja kabla haijaanza. Hiyo ndio namna wanayoipendekeza wao wenyewe na mimi sijaona bora zaidi, isipokuwa ningeongeza kulinganisha pia na kipindi hichohicho mwaka uliopita, kwa sababu kuna mada ambazo watu huwa hawazitafuti miezi fulani na huko hakuna apdeti wala nini, watu tu wamepumzika.

Ukiangalia, usiangalie namba ya jumla, namba ya jumla inadanganya. Chukua ukurasa mmojammoja. Kutoka nafasi ya 2 kwenda ya 4 na kutoka ya 4 kwenda ya 29 ni misiba miwili tofauti. Hiyo ya kwanza unaiacha, usiguse ukurasa unaofanya vizuri, kuna watu wamechukua ukurasa ulio nafasi ya nne wakaupanga upya wakaupeleka ya kumi na tano kwa bidii zao. Ya pili ndio inataka kazi. Halafu angalia kama kilichoshuka ni kundi moja, labda posti za kulinganisha bidhaa tu, au folda moja, au lugha moja, au ni saiti nzima kwa usawa. Likishuka kundi moja tatizo linakaa kwenye lile kundi. Ikishuka saiti nzima, hapo ndio unaanza kujiuliza maswali makubwa kuhusu saiti yenyewe ipo kwa ajili gani.

Na kuna kushuka ambako sio kushuka kwa nafasi kabisa. Nafasi iko palepale, impresheni (mara ulizoonekana kwenye matokeo) ziko palepale au zimepanda, kliki ndio zimekauka. Hiyo sio apdeti ya algorithimu, huo ni ukurasa wa matokeo umebadilika umbo. Tokea Mei 2024 Google walipoanza kuweka AI Overviews, majibu yanayoandikwa na akili bandia, kwa watumiaji wa Marekani na baadaye nchi nyingine, jibu linakaa juu kabisa na msomaji anaondoka nalo bila kukugusa, wewe bado ni wa kwanza ila wa kwanza chini ya ukuta. Ukienda kuandika upya ile posti kwa sababu hiyo unajichosha bure. Kinyume chake pia kipo, Septemba 2025 Google waliacha kuruhusu kuonyesha matokeo 100 kwa ukurasa mmoja, saiti nyingi zikaona impresheni zimeporomoka ghafla kwenye Search Console na wastani wa nafasi umepanda, watu wakapiga kelele za apdeti, kumbe inavyoelekea zile impresheni nyingi zilikuwa za roboti wa programu za kupima ranki wanaochungulia mpaka nafasi ya 90 huko. Wasomaji wa kweli hawakupungua kwa hilo. Ndio maana nasema pima kwanza.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni hii: tafuta yale maneno uliyopoteza, uone nani amekaa pale ulipokuwa. Aisee hii peke yake inakupa majibu kuliko programu yoyote ya kulipia. Ukikuta wamekaa wenzako wenye posti inayofanana na yako ila wameandika wakiwa wamekishika hicho kitu, wana picha zao, wanasema kilivyowasumbua, basi umeshapata kazi ya kufanya. Ukikuta zamani palikuwa na blogu kumi na sasa pana Reddit (jukwaa la majadiliano), duka mbili, tovuti ya serikali na video, ujue Google kabadili mawazo kuhusu kile ambacho mtafutaji anakitaka, na hapo hata ungeandika vizuri kiasi gani blogu haitakiwi kwenye lile swali. Liache. Tafuta maswali mengine ambayo bado yanajibiwa na watu kama wewe. Kuacha ni uamuzi, tena mara nyingi ndio uamuzi wa maana kuliko yote, ila hauuziki kwa hiyo hakuna anayekushauri.

Sasa ile niliyosema nyingine haina njia ya kutoka. Agosti 2022 ilikuja Helpful Content Update, apdeti ya kontenti yenye manufaa, na toleo la Septemba 2023 ndilo lililoumiza watu kweli. Utofauti wake ni kwamba ilikuwa inapima saiti nzima, ukiwa na kontenti nyingi iliyoandikwa kwa ajili ya kukamata utafutaji tu basi hata zile posti zako nzuri zinavutwa chini pamoja. Machi 2024 ule mfumo ukayeyushwa ndani ya mifumo yao mikuu ya kupanga matokeo, na baada ya ile apdeti ya siku 45 Google walisema kontenti duni kwenye matokeo imepungua kwa asilimia 45. Sawa. Lakini katikati ya hiyo asilimia kuna saiti ndogo za watu huru, za safari, za michezo ya kompyuta, za kupima vifaa vya nyumbani, watu walioandika wenyewe kwa mikono yao, zikapoteza karibu wasomaji wote. Oktoba 2024 Google waliwaita baadhi yao Mountain View, makao makuu yao, wakakaa nao, na waliotoka pale wakaandika kwamba walisikilizwa ila hawakupewa tarehe wala ahadi ya kurudi. Apdeti ya Agosti 2024 ilipandisha baadhi yao kidogo, wengi hawakufika hata karibu na walikokuwa.

Mimi hapa sikubaliani na wale wanaosema "ukiandika vizuri utarudi tu". Sio kweli, au tuseme ni kweli nusu. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na usirudi, kwa sababu ule ukurasa wa matokeo uliokuwa unakulea mwaka 2023 haupo tena, umejaa vitu vingine. Lengo liwe kupanda kutoka hapa ulipo, ile grafu ya zamani ifungie kabatini.

Kwa wale wenye kazi ya kufanya, kwa kweli haina siri, ni ya kuchosha tu. Posti tatu zinazosema jambo moja ziunganishe iwe moja na hizo mbili uziridairekti. Posti uliyoandika kwa kuokoteza kwenye posti za wengine, rudi uiandike kwa unachokijua, au kama hukijui iache iende. Kufuta kuwe hatua ya mwisho kabisa, ni kwa zile ambazo hata wewe ungeona aibu kumtumia rafiki, na usifute kwa kuamini kwamba ukipunguza kurasa saiti inaonekana mpya, Google wameandika waziwazi kwamba hilo halisaidii. Kama hujabadili kitu usibadili tarehe. Na hii ya maneno 1,500 au 2,000 kwa kila posti sijui ilitoka wapi, hakuna idadi ya maneno wanayoipenda, wamelisema hilo pia, swali la mistari minne lijibu kwa mistari minne.

Kuhusu E-E-A-T, yaani uzoefu, utaalamu, mamlaka na kuaminika, hivyo ni vigezo vya wale wapimaji wa nje wanaolipwa na Google kupitia matokeo, na maksi zao hazishushi wala kupandisha saiti yako moja kwa moja, zinatumika kuangalia kama mabadiliko ya algorithimu yanaelekea kuzuri. Kwa hiyo kubandika picha ya mwandishi na maelezo marefu ya elimu yake chini ya posti mbovu hakukuletei kitu. Ile E ya uzoefu iliongezwa Desemba 2022 na ndiyo ninayoona ina maana zaidi kwa blogu, kwa sababu uzoefu unaonekana ndani ya maandishi yenyewe, mtu aliyefanya kitu anataja mambo ambayo asiyefanya hawezi hata kuyawaza.

Spidi ya saiti nayo, sawa, irekebishe kwa ajili ya wasomaji wako, kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, ukibofya ijibu ndani ya milisekunde 200, vitu visirukeruke. Ila sijawahi kuona saiti iliyoporomoka kwenye apdeti kuu ikarudi kwa spidi peke yake.

Muda sasa. Mabadiliko mengine yanaonekana ndani ya siku chache, mengine miezi kadhaa, na mengine mpaka apdeti kuu inayofuata, ambayo kwa 2024 zilikuwa nne, Machi, Agosti, Novemba na Desemba. Kuna apdeti ndogondogo pia ambazo hawazitangazi kabisa, kwa hiyo sio lazima usubiri ile kubwa. Wewe fanya kazi kwa mafungu, rekebisha kundi moja la kurasa, andika tarehe, liache likae, linganisha na kundi ambalo hukuligusa, ndio uende jingine.

Na pakua data zako. Search Console inatunza miezi 16 tu, yaani aliyepigwa Septemba 2023 na hakupakua kitu, leo akiingia haoni tena alivyokuwa kabla, hawezi kujua hata ni kurasa zipi zilizompeleka juu, anabaki kukisia. Ingia tu kila mwisho wa mwezi, pakua kurasa na maneno, weka kwenye faili lenye tarehe, funga.